Niko Sawa, Daktari, Ila…

Ni saa tisa kasoro dakika ishirini alasiri hapa Eldoret, mvua imeanza kupiga mabati, na bila shaka chai iko mekoni. Chamgei kwenu mlioko Moiben, Ziwa na Kapseret. Mulembe kwenu wa Turbo na Lugari. Wewe uliye dukani Langas, wewe dereva uliyekwama kwenye Barabara ya Uganda, karibuni. Na wewe kogo, nyanya yetu, uliyelala, mguu umefungwa bendeji, redio umeiweka kando ya mto: karibu sana. Mazungumzo ya leo ni yako.

Leo tunazungumza juu ya goti. Mji huu ni mji wa wanariadha, lakini leo simzungumzii mwanariadha. Namzungumzia mama aliyepalilia mahindi miaka arobaini, akabeba maji, akakaa kwenye kigoda kukamua ng'ombe asubuhi na jioni, mpaka gegedu la goti likasagika, mfupa ukawa unasugua mfupa. Akatembea kwa fimbo. Akajipaka kila dawa ya kuchua. Mwisho akaenda hospitali, goti likabadilishwa. Sasa yuko nyumbani, na goti jipya linauma. Afanyeje?

Kabla sijaenda mbali, niseme wazi: mimi si daktari. Mimi ni mtoto wa mama aliyebadilishwa goti, na nimemuuguza miezi mitatu. Ninayoyasema nimeyapata kwa kuuliza madaktari, wauguzi na watu wa fiziotherapia, na mengine nimeyapata kwa kukosea. Kiasi cha dawa yako ni neno la daktari wako, si langu.

Nina mambo matatu tu. Nitayataja sasa, halafu nitayarudia. La kwanza: dawa ya maumivu hufuata saa, haingojei kilio. La pili: goti jipya halilazwi. La tatu: yapo maumivu ya kufanyiwa kazi, na yapo maumivu ya kukimbizwa hospitali. Saa, goti, na hatari. Tuko pamoja?

Nianze na kisa. Ilikuwa asubuhi ya pili baada ya upasuaji. Daktari alipita wodini na wenzake, akasimama miguuni pa kitanda cha mama. "Mama, unaendeleaje?" Mama akatabasamu. "Niko sawa, daktari. Namshukuru Mungu." Daktari akaandika kitu kwenye faili, akahamia kitanda cha pili.

Mimi nilikuwa nimesimama upande wa pili wa kitanda, kwa hiyo niliona ambacho daktari hakukiona. Mkono wa mama ulikuwa chini ya blanketi, umeikamata shuka kwa ngumi, vifundo vimekakamaa. Na juu ya mdomo wake palikuwa na jasho. Jasho, wasikilizaji, asubuhi ya Julai, na mnaijua baridi ya Eldoret mwezi wa Julai.

Nikamuuliza baadaye, "Mama, mbona ulimdanganya daktari?" Akashangaa. "Nimemdanganya lini? Ameniuliza hali, nimemjibu."

Hapo ndipo nilipoelewa. Mama hakudanganya. Mama alijibu salamu. Sisi ndivyo tunavyosalimiana. Mtu akikuuliza habari za nyumbani, unasema njema, hata kama nyumba imeungua. Njema inatangulia, kisha ndipo inafuata ile "ila". Habari za nyumbani? Njema, ila mtoto ana homa. Habari za shamba? Njema, ila mvua imegoma. Habari yenyewe hukaa ndani ya "ila". Na daktari yule, kwa haraka ya kazi, aliondoka kabla "ila" haijafika.

Kwa hiyo ndugu muuguzaji, usimuulize mgonjwa wa goti, "Unaendeleaje?" Muulize mambo ambayo hayajibiwi kwa salamu. Usiku umelala saa ngapi? Ukaamshwa na nini? Unaweza kuinua kisigino kitandani? Umefika chooni kwa hatua ngapi, na umesimama mara ngapi njiani? Wauguzi nao huuliza: kati ya sufuri na kumi, ambapo sufuri ni hakuna maumivu na kumi ni maumivu usiyoweza kuyafikiria, wewe uko wapi? Wazee wengi huona ni swali la shule. Kogo, lijibu. Sema saba kama ni saba. Ile namba haipimi ujasiri wako, inapima kazi ya dawa.

Nimetaja ujasiri. Hebu tukae hapo kidogo, maana hapa kwetu ni jambo zito. Wengi wetu tumelelewa tukiambiwa maumivu hayaonyeshwi usoni. Kijana wa Kikalenjin jandoni hakutakiwa hata kupepesa jicho. Kwa jirani zetu Wabukusu, kijana husimama wima mbele ya watu, na anayetikisika hukumbukwa kwa kutikisika. Sidharau mila hizo. Zina mahali pake.

Na tuna shujaa wetu mwenyewe wa maumivu. Mwaka 1968, kwenye Olimpiki ya Mexico, Kipchoge Keino alikimbia huku mfuko wa nyongo ukimtesa. Katika mita 10,000 maumivu yalimwangusha. Madaktari walimwambia apumzike. Hakupumzika. Siku ya fainali ya mita 1,500 basi lilikwama kwenye msongamano, akashuka, akakimbia kwenda uwanjani, halafu akashinda dhahabu. Uwanja wenye jina lake uko hapa hapa mjini.

Sasa nikuulize, kogo. Mbio ile ilichukua muda gani? Dakika 3 na sekunde 35 hivi. Na mbio zako wewe za goti jipya ni za muda gani? Wiki sita ndipo mtu aanze kujiona ana nafuu ya maana, miezi mitatu ndipo shughuli nyingi zirudi, na uvimbe wa mwishomwisho unaweza kuchukua mwaka kwisha. Hakuna anayeuma meno mwaka mzima. Nenda Iten uwaulize wanaokimbia pale: hawakimbii kwa kasi kila siku. Leo kazi ngumu, kesho mwendo wa pole, na usingizi wa mchana ni sehemu ya mazoezi. Ukitaka kuiga wanariadha wetu, iga hapo.

Nalo jambo la kufurahisha: mwaka ule ule wa 1968, Mkanada mmoja, daktari Frank Gunston, akifanya kazi Uingereza, alianza kubadilisha magoti kwa njia iliyofungua mlango wa upasuaji wa leo. Dhahabu yetu na goti la kisasa ni marika.

Basi goti hubadilishwaje? Watu wengi hudhani goti zima linang'olewa, linawekwa lingine kama gurudumu la baiskeli. Hapana. Daktari hukata kipande chembamba cha mwisho wa mfupa wa paja na cha mwanzo wa mfupa wa muundi, zile sehemu zilizosagika. Kisha mfupa wa juu huvishwa kofia ya chuma, wa chini huvishwa sahani ya chuma, na katikati huwekwa plastiki ngumu ya kuteleza. Fikiria nyumba inayoezuliwa mabati yaliyooza ikaezekwa mapya. Kuta ni zile zile.

Na nyumba ikiezekwa, misumari hupigwa. Mfupa umekatwa, nyama zimesogezwa, ngozi imeshonwa. Kwa hiyo elewa hili, maana lilimchanganya mama sana: yale maumivu ya zamani ya kusagika yameondoka na ule mfupa. Haya mapya ni ya kidonda na uvimbe. Hayamaanishi upasuaji umeharibika.

Kitu kingine kilichomchanganya ni jioni ya kwanza. Wengi hupasuliwa wakiwa wamechomwa sindano ya uti wa mgongo, na wengine huongezewa dawa ya ganzi kuzunguka goti lenyewe. Jioni ile mama alikuwa anacheka. Alimpigia dada yake simu: "Sijasikia kitu! Walinitisha bure." Usiku wa manane ganzi ikaisha, na mama hakuwa tena na mzaha. Ndiyo sababu wauguzi huanza kutoa dawa za maumivu wakati mguu ungali na ganzi. Ukiletewa tembe na husikii maumivu, meza. Hawajakosea kitanda. Usipoziba ufa utajenga ukuta.

Na hapo tumefika kwenye jambo la kwanza. Dawa hufuata saa, haingojei kilio.

Siku ya kutoka hospitali tulipewa dawa kwenye bahasha ndogo, zile za karatasi mnazozijua. Juu ya bahasha ya parasetamoli, ambayo wengi tunaiita Panadol, palikuwa pameandikwa kwa kalamu: 2x3. Mbili mara tatu. Mama akasoma, nami nikasoma, tukaelewa vile kila mtu Kenya anavyoelewa: asubuhi, mchana na jioni, baada ya chakula. Chai saa moja asubuhi, tembe mbili. Chakula cha mchana saa saba, tembe mbili. Ugali wa jioni saa mbili usiku, tembe mbili, kisha kulala.

Na kila usiku, saa tisa, mama anaamka. Nasikia kitanda kinalia. Nasikia anaomba kwa sauti ya chini ili asiniamshe. Siku ya nne nikakaa na karatasi nikahesabu. Kutoka asubuhi mpaka mchana, saa sita. Kutoka mchana mpaka jioni, saa saba. Kutoka jioni mpaka asubuhi, saa kumi na moja! Dawa inayofanya kazi kwa muda wa saa sita hivi imeachwa ilinde usiku mzima peke yake. Mlinzi anatoka zamu katikati ya usiku, halafu tunashangaa mwizi ameingia saa tisa.

Nikapiga simu kuuliza. Nikaambiwa: "mara tatu" maana yake ni kila baada ya saa nane. Basi tukapanga upya. Saa moja asubuhi. Saa tisa alasiri. Saa tano usiku. Tembe zilikuwa zile zile sita kwa siku, hatukuongeza hata moja. Tulichobadilisha ni saa tu. Wiki hiyo mama alianza kulala mpaka majogoo.

Narudia, maana hili ndilo watu wengi hulikosea: usiongeze dawa kwa kichwa chako, panga saa. Uliza famasia au hospitali: hii ni kila baada ya saa ngapi? Waandike saa zenyewe juu ya bahasha. Na kama saa haiko nyumbani, redio iko.

Kwa nini wanatoa dawa za aina mbili tatu? Kwa sababu maumivu yana milango mingi. Parasetamoli inafunga mmoja. Dawa za jamii ya ibuprofeni na diklofenaki hupunguza uvimbe, zinafunga mwingine. Dawa kali zaidi kama tramadoli au mofini hutumika siku za mwanzo, kisha hupunguzwa. Zikishirikiana, kila moja hutolewa kwa kiasi kidogo kuliko ingekuwa peke yake.

Lakini sikilizeni tahadhari hizi. Parasetamoli ni salama ikifuata mpaka: mtu mzima asizidishe tembe 8 za miligramu 500 kwa siku nzima, na wenye ini dhaifu au wazee waliokonda hupewa chini ya hapo. Kumbuka imefichwa pia ndani ya dawa nyingi za mafua na za kichwa za dukani, kwa hiyo unaweza kumeza mara mbili bila kujua. Ibuprofeni na diklofenaki si za kila mtu. Kama una vidonda vya tumbo, figo zinasumbua, presha au moyo, mwambie daktari kabla. Kama umepewa dawa ya kuzuia damu kuganda, na wengi hupewa baada ya upasuaji huu, usijinunulie diklofenaki ya ziada dukani, maana zikikutana unaweza kutokwa damu tumboni. Na mitishamba? Mwambie daktari unachokunywa. Hatakucheka. Ila kwenye kidonda usipake chochote ambacho hukupewa: majani, mafuta ya kondoo wala dawa ya kuchua.

Na mofini? Nasikia mtu anasema, "Hiyo si dawa ya wanaokufa?" Wengi wanadhani hivyo, kwa sababu wameisikia kwa wagonjwa wa saratani. Hapo jirani Uganda, mwaka 1993, daktari Anne Merriman alianzisha Hospice Africa Uganda, akaonyesha kwamba mofini ya kunywa, ya bei nafuu, inaweza kumfikia mgonjwa wa kawaida nyumbani kwake, na mtu akaacha kulia, akala, akazungumza na wanawe. Kwa goti, dawa za namna hiyo ni za siku chache, chini ya macho ya daktari. Hatari yake ipo. Marekani ziliwahi kuandikwa kiholela, na watu wengi sana wakanasa. Kwa hiyo tumia ulizopewa, kwa siku ulizopewa, usimpe jirani anayeumwa mgongo, na usinunue tramadoli kwa mlango wa nyuma.

Jambo moja dogo ambalo hakuna mgonjwa anayelitaja kwa haya: dawa hizi hufunga choo. Mama alikaa siku tano. Maji mengi, papai, uji, mboga za managu na sagaa sahani nzima, na ikishindikana omba dawa ya kulainisha. Maana mwenye goti jipya akikaa chooni akijikamua, anaumia mara mbili.

Tumemaliza saa. Sasa jambo la pili: goti jipya halilazwi.

Jumamosi ya kwanza mama akiwa nyumbani, kina mama wa kanisa walikuja kumjulia hali. Walikuja kumi na wawili, na maziwa ya mursik, na sukari, na mikate. Walimkuta amekaa, mguu umenyooka kwenye kiti. Mmoja akasema, "Maskini, mguu umening'inia hivyo?" Akachukua mto, akaukunja, akauweka chini ya goti. Mama akashusha pumzi: "Aaa, hapo sasa." Wakaimba, wakaomba, wakanywa chai, wakakaa saa tatu. Kila alipotaka kusimama walimzuia: "Kaa, mama, sisi tutakuletea." Na kweli walimletea kila kitu.

Jioni yake goti lilikuwa limekataa kunyooka.

Sikilizeni, wapenzi wageni wa wagonjwa. Upendo ule ulikuwa wa kweli, na mto ule ulikuwa adui. Goti likikaa limekunjwa juu ya mto, linapoa, kweli, kwa sababu halifanyi kazi. Lakini ndani yake kovu linajengeka, na kovu hushika katika umbo linalolikuta. Ukitaka kuweka mto, uweke chini ya kisigino, goti lielee, lijinyooshe kwa uzito wake. Ukilala, hivyo hivyo. Goti lililoachwa likakakamaa wiki nyingi huenda likamrudisha mgonjwa chumba cha upasuaji, alazwe kwa dawa, likunjwe kwa nguvu za daktari. Nani anataka hilo?

Mazoezi yenyewe ni madogo. Kaa kitandani, taulo lililoviringishwa chini ya kisigino, kandamiza goti kuelekea godoro, hesabu mpaka tano, achia. Halafu vaa soksi, kaa kwenye kiti, telezesha unyayo kwenye sakafu ya saruji kuja nyuma chini ya kiti, mpaka pale linapokaza, shikilia, rudisha. Halafu tembea, kwa fremu au magongo, kidogo kidogo, mara nyingi. Kwenye ngazi kumbuka: mguu mzima hutangulia kupanda, mguu mgonjwa hutangulia kushuka.

Sasa unganisha la kwanza na la pili. Mazoezi yafanywe lini? Nusu saa mpaka saa moja baada ya kumeza dawa, wakati imeshika. Mama alizoea kufanya mazoezi kwanza, akiumia ndipo ameze. Tukageuza. Dawa kwanza, zoezi baadaye. Hapo ndipo nilipoelewa kwamba tembe zile hazikuwa za kumlaza mama. Zilikuwa za kumsimamisha. Anayekataa dawa kwa ushujaa, halafu akakataa zoezi kwa maumivu, ushujaa wake umemfaa nini?

Baada ya zoezi, barafu. Jaza maji chupa ndogo ya plastiki ya soda, igandishe, izungushie leso, weka juu ya goti dakika 15 hadi 20. Usiiweke barafu kwenye ngozi tupu, wala usiloweshe kidonda. Huna friji? Lowesha kitambaa kwa maji ya asubuhi ya Eldoret, kikamue vizuri, kiweke juu ya karatasi ya nailoni ili kidonda kibaki kikavu. Maji yetu yanajua kazi hiyo. Wengine hutaka kukanda kwa maji moto kama walivyozoea enzi za baridi yabisi. Siku hizi za mwanzo, goti likiwa limevimba na lina joto, baridi ndiyo rafiki.

Na choo. Wengi wetu tuna choo cha shimo, cha kuchutama. Goti jipya la wiki ya pili halichutami. Tulichukua kiti cha plastiki, fundi akakitoboa katikati, akapigilia ubao wa kushikia ukutani. Andaa hilo kabla mgonjwa hajatoka hospitali, si usiku wa kwanza mkiwa na tochi. Bodaboda nayo iache wiki za mwanzo. Kigoda cha kukamulia, mpe mtoto. Ng'ombe hatakasirika.

Jambo la tatu. Yapo maumivu ya kufanyiwa kazi, na yapo ya kukimbizwa hospitali. Utayajuaje?

Maumivu ya kazi yanapanda ukifanya zoezi, yanashuka ukipumzika, na wiki hii ni nafuu kuliko wiki jana. Goti kuwa na joto, kuvimba jioni, kugonga "tak" ukitembea, ngozi ya pembeni mwa kovu kufa ganzi: hayo ni ya kawaida.

Maumivu ya hatari yanaenda kinyume. Yalikuwa yanashuka, ghafla yanapanda. Goti linazidi kuwa jekundu, kidonda kinatoa usaha au maji yasiyokoma, mwili una homa na kutetemeka. Huenda ni maambukizi. Au nyuma ya muundi, kwenye shavu la mguu, panauma na kuvimba. Huenda damu imeganda. Na ikiwa pumzi inakatika ghafla, au kifua kinachoma, usingoje asubuhi, usingoje shemeji aje na gari. Toka sasa hivi. Tuna bahati: Hospitali ya Mafunzo na Rufaa ya Moi, iliyoanza mwaka 1917 kama hospitali ndogo tu, leo watu huijia kutoka Magharibi yote. Wewe uko mlangoni pake. Mficha maradhi, kifo humuumbua.

Na niseme ukweli mmoja ambao si mtamu. Wako watu, kama mmoja kati ya watano kwa tafiti za nchi mbalimbali, ambao hata baada ya miezi mingi hawaridhiki na goti lao, wengi wao kwa sababu bado linauma. Kama ni wewe, si laana, na si kwamba hukuomba vya kutosha. Rudi kliniki. Waulize. Pengine ni nyonga inayopeleka maumivu gotini, pengine ni mgongo, pengine goti lenyewe linahitaji kuangaliwa. Na usingizi ukikosekana, na moyo ukiwa na huzuni, maumivu hukua. Sema hilo pia, ni sehemu ya "ila".

Basi tufunge kwa kurudia. Mambo matatu ni yapi? Dawa hufuata saa, haingojei kilio. Goti jipya halilazwi, na mto unakaa chini ya kisigino. Maumivu ya hatari hayavumiliwi, yanakimbizwa.

Mkitaka kujua mama yuko wapi leo: yuko Moiben, anatembea bila fimbo mpaka sokoni. Mwezi wa tatu baada ya upasuaji nilimpeleka kliniki. Daktari akamuuliza, "Mama, unaendeleaje?" Mama akatabasamu lile tabasamu lake. "Niko sawa, daktari." Kisha akamshika mkono kabla hajageukia faili. "Ila…" Na daktari akavuta kiti, akakaa.

Saa ya studio inasema ni saa tisa kamili. Kogo, bahasha iko hapo mezani kando ya redio. Tembe mbili, na maji glasi nzima. Nusu saa ikipita, vaa soksi.